Chapa ya Kwanza si Msahafu

Wasee, kuna santuri moja ya mwaka 1969 ambayo watu wazima wenye akili timamu huigeuza kuelekea mwanga kama mtu anayekagua noti ya elfu akishuku ni feki. Hawaangalii picha ya jalada. Hawaangalii hata majina ya nyimbo. Wanatafuta herufi mbili, RL, zilizokwaruzwa kwenye ile sehemu laini karibu na lebo, pale ambapo wimbo wa mwisho umeisha na sindano inazunguka bure. Wakizipata, hiyo santuri ghafla ni ya mamia ya dola. Wakizikosa, inarudi kwa kreti.

Santuri ni Led Zeppelin II. RL ni Robert Ludwig, wengi humwita Bob, ambaye wakati huo alikuwa fundi kijana wa miaka ya ishirini na kitu pale Sterling Sound, New York. Kazi yake ilikuwa kuchukua tepu ya studio na kuihamisha kwenye sahani ambayo kiwanda kitaizalisha kwa maelfu. Na Ludwig alikata hiyo kitu kwa nguvu. Besi ilikuwa nzito, ngoma za Bonham zinakupiga kifuani, sauti iko juu kuliko kawaida ya siku hizo. Halafu, kulingana na hadithi ambayo imezunguka miaka yote, binti wa bosi mmoja wa lebo akaiweka kwa pleya yake ya bei rahisi na sindano ikaruka. Lebo ikaogopa kurudishiwa santuri na wateja, ikaagiza ikatwe upya, laini zaidi, besi ikiwa imepunguzwa. Hiyo ya pili ndiyo watu wengi Marekani walinunua, wakacheza, wakaipenda na kuzeeka nayo.

Sasa fikiria hapo kidogo. Kuna msemo kwa hawa wazee wa santuri kwamba chapa ya kwanza ndiyo ukweli, na kila kitu kilichokuja baadaye ni nakala ya nakala. Lakini albamu yenyewe, ndani ya muda mfupi tu, ilikuwa na sauti mbili tofauti, zote za 1969, zote halali, zote na nembo ya Atlantic. Ya asili ni gani? Ile fundi aliitaka, ama ile watu walisikia?

Mimi naandika hii kwa sababu nimechoka kuambiwa, na wazee wa mtandaoni na siku hizi hata na mabeshte wa rika langu, kwamba kama hujasikia Dark Side of the Moon kwa santuri ya Uingereza ya 1973 yenye pembetatu ya bluu iliyojaa kwenye lebo, basi hujawahi kuisikia. Buda, mimi niliisikia kwa earphone za mia mbili ndani ya mathree. Niliisikia. Lakini pia sikubaliani na wale wanaosema yote ni maigizo ya matajiri, kwamba santuri zote ni sawa. Hapana. Tofauti iko, na ina historia, na hiyo historia inanoga kuliko bei.

Wacha nieleze haraka vile santuri inazaliwa, kwa sababu bila hii mengine hautashika. Tepu ya masta inachezwa, na mashine ya kukata inachora mfereji kwenye sahani ya alumini iliyopakwa laka laini. Hiyo laka inanyunyiziwa fedha, kisha inatiwa nikeli kwa umeme, na ukiibandua hiyo nikeli unapata kalibu ya kwanza, iliyo kinyume. Mafundi huiita baba. Baba anazaa mama, na mama anazaa kalibu za kuchapia, zile zinazokandamiza plastiki moto pale kiwandani. Kila kalibu huchapa kitu kama santuri elfu moja kabla ianze kuchoka. Kwa hivyo hata ndani ya "chapa ya kwanza" kuna aliyepata ya mwanzo kabisa na aliyepata ya mwisho kalibu ikiwa imeisha makali. Na kuna hesabu ya nafasi pia: besi nzito inafanya mfereji uyumbe kwa upana, na mfereji ukiyumba unakula nafasi. Upande mmoja ukishapita dakika 20 hivi, fundi lazima achague kati ya kupunguza sauti na kupunguza besi. Hii ni fizikia, haijali hisia zako.

Hiyo ndiyo sababu sioni santuri ya zamani kama dirisha la kuingilia studio. Ilikuwa makubaliano. Fundi alikuwa anajua pleya ya kawaida ya 1969 ni sanduku moja na spika yake ndani, kwa chumba cha mtoto wa shule. Alikata akimfikiria huyo mtoto.

Na asili ya nchi gani? Watoto wa Marekani waliponunua Beatles miaka ya mwanzo, walinunua toleo la Capitol, ambalo halikuwa lile Uingereza walikuwa nalo. Capitol walichanganya orodha ya nyimbo, wakatoa zingine ili watengeneze albamu ya ziada, wakaongeza mwangwi, na mahali hawakuwa na stereo wakatengeneza stereo ya uongo kutoka kwa mono. Kuna mzee Ohio ambaye hiyo sauti yenye mwangwi ndiyo utoto wake. Mwambie si ya asili uone.

Sgt. Pepper ya 1967 ni kali zaidi. Beatles wenyewe walikaa na kuhangaika na mchanganyo wa mono, kwa sababu mono ndiyo watu walikuwa nayo nyumbani. Stereo ilifanywa haraka na mafundi, wao wakiwa hawapo. Lakini stereo ndiyo iliyoshinda dunia, na kwa miaka mingi mono ikawa kitu cha kutafuta kwa tochi. Ilipofika 2014, Abbey Road wakazitoa tena albamu za mono kwa santuri, wakakata moja kwa moja kutoka kwa tepu bila kompyuta kuingilia. Kwa hivyo toleo la 2014 linaweza kuwa karibu zaidi na walichotaka wanne wale kuliko santuri ya stereo ya 1967. Tarehe imeandikwa nyuma ya jalada, lakini tarehe haikuambii kitu.

Halafu kuna zile chapa za kwanza ambazo zilikuwa na kosa kabisa. Beggars Banquet ya Rolling Stones ilitoka 1968 ikicheza polepole kuliko ilivyorekodiwa, kwa sababu ya kosa lililotokea wakati wa kuandaa masta. Si kidogo cha kutojulikana na mwanamuziki, ila ni kidogo cha kutosha kwamba sisi wengine hatungejua. Ilikaa hivyo miaka 34, hadi toleo la 2002 likairudisha kwa mwendo wake. Wapo wanaopenda ile ya polepole. Wanasema ina uzito wa kichovu fulani unaofaa zile nyimbo. Siwalaumu, lakini basi tuache kuita hicho "uaminifu kwa asili". Hicho ni mazoea, na mazoea si dhambi.

Sasa, wazee wa toleo jipya walitoka wapi?

Walitoka kwenye mafuta. Santuri ni plastiki ya PVC, na PVC inatoka kwa petroli, na mwaka 1973 mafuta yalipanda bei ghafla dunia nzima. Lebo tayari zilikuwa zimeanza kubana. RCA walikuwa na kitu waliita Dynaflex, santuri nyembamba unayoweza kuipinda kama chapati. Miaka ya 70 ikiendelea, mtu Marekani alinunua albamu mpya, akafungua, akapata imepinda, ina kelele kama viazi vinakaangwa, na wakati mwingine plastiki yenyewe imechanganywa na santuri za zamani zilizosagwa. Hii ndiyo miaka ambayo leo tunaambiwa ilikuwa dhahabu. Roki kubwa kabisa ilichapwa kwenye plastiki mbovu kabisa.

Mwaka 1977 jamaa anaitwa Brad Miller akaanzisha Mobile Fidelity Sound Lab huko California. Wazo lake lilikuwa rahisi: chukua albamu ambayo watu tayari wanaipenda, omba tepu ya masta, ikate kwa nusu ya mwendo ili mashine ipate muda wa kuchora sauti ndogondogo, kisha peleka Japan ichapwe na JVC kwenye plastiki safi. Jalada likapata utepe wa juu unaotangaza kwamba hii imetoka kwa tepu ya masta ya asili. Kufikia 1979 walikuwa wametoa Dark Side of the Moon na Abbey Road. Bei ilikuwa juu, ukimya kati ya nyimbo ulikuwa wa ajabu, na watu walilipa.

Ile sauti yao ya zamani si kila mtu anaipenda. Kuna wanaolalamika kwamba walizidisha juu na chini, besi ikanenepa na sahani za ngoma zikang'aa kupita kiasi, katikati pakabaki pamelegea pale ambapo mwimbaji anaishi. Lakini kitu walichobadilisha ni kikubwa kuliko sauti. Walifundisha wateja kwamba toleo jipya linaweza kuwa *bora* kuliko la kwanza. Kabla ya hapo, toleo jipya lilikuwa lile la bei ya chini, jalada limefifia.

CD ikaja ikazima kila kitu. Na hapa lazima nisimame kwa Dire Straits, kwa sababu kama mzee wako alikuwa na gari miaka ya 90 unajua kanda yao. Brothers in Arms, 1985, ilirekodiwa kwa mashine ya dijitali na ikawa albamu ya kwanza kuuza nakala milioni moja kwa CD. CD ina kama dakika 55 za muziki. Hizo hazingekaa vizuri kwa santuri moja, kwa hivyo toleo la santuri lilikatwa: nyimbo kadhaa zilifupishwa ili zitoshee. Matoleo ya baadaye, ya wale wapenda sauti, yakatumia santuri mbili na kurudisha dakika zilizopotea. Kwa hivyo mtu anayenunua chapa ya kwanza ya 1985 akitafuta "joto la analogi" ananunua rekodi ya dijitali iliyokatwa mkia. Nikisikia mtu anaisifu hiyo kwa mambo ya analogi mimi hunyamaza tu nikanywa chai yangu.

Mobile Fidelity wakafilisika 1999. Kampuni moja ya Chicago, Music Direct, ikanunua jina 2001, na santuri ziliporudi kuwa na soko, jina lile lilirudi na heshima zake zote. Mwaka 2016 wakaleta mfululizo waliouita One-Step, wakaanza na Abraxas ya Santana, nakala 2,500. Wazo: ruka baba na mama, chapa moja kwa moja kutoka kwa kalibu ya kwanza iliyobanduliwa kwa laka. Hatua chache, sauti safi zaidi. Baadaye bei ya hizi ilifika dola 125, ambayo ni kama shilingi 16,000 kwa bei ya sasa, ambayo kwa mtaa wangu ni bedsita mwezi mzima na tokeni ya stima juu. Zikiisha dukani, watu waliziuza tena kwa mara kadhaa ya hiyo.

Wateja walikuwa wanalipia nini? Walikuwa wanalipia mnyororo. Tepu, laka, kalibu, santuri. Hakuna kompyuta mahali popote. Wakaguzi wakubwa waliandika kwamba wanasikia hiyo analogi, hiyo hewa, huo uhai.

Halafu 2022 wakatangaza Thriller ya Michael Jackson, One-Step, nakala 40,000. (Najua si roki, lakini gita la Beat It ni Eddie Van Halen, kwa hivyo nyamazeni.) Mtu yeyote aliyeelewa ile aya yangu ya kalibu anaweza kufanya hesabu. Kama unaruka baba na mama, kila laka inakupa santuri chache tu. Nakala 40,000 ni makumi ya laka kwa kila upande. Kila laka inahitaji tepu ichezwe tena kutoka mwanzo. Nani angeruhusu tepu ya masta ya Thriller, mojawapo ya tepu za thamani kubwa duniani, iburutwe kwenye mashine mara zote hizo?

Julai hiyo, Mike Esposito, mwenye duka la santuri Phoenix, Arizona, akaweka video akisema amesikia kwamba Mobile Fidelity wanatumia hatua ya dijitali. Wazee wa masikio wakamrukia. Siku chache baadaye kampuni ikamwalika Sebastopol, California, akaketi na mafundi wao mbele ya kamera, akauliza, na wakakubali. Tepu huhamishwa kwanza kuwa faili ya dijitali aina ya DSD, na santuri hukatwa kutoka kwa hiyo faili. Ikaja kujulikana kwamba ilianza 2011. Miaka kumi na moja! Miaka kumi na moja ya watu kuandika kurasa na kurasa kuhusu jinsi dijitali inaua muziki, wakishika mkononi, kama ushahidi, santuri iliyopita kwa dijitali.

Kesi ikafunguliwa Marekani, ikaishia kwa makubaliano ya hadi dola milioni 25 kwa wateja.

Wengi walicheka. Mimi pia, kidogo. Somo rahisi la kuchukua hapo ni kwamba masikio ya wataalamu ni bure, na sidhani ni kweli. Santuri zile zilikuwa nzuri. Zilisikika vizuri kwa sababu tepu ilikuwa sahihi, fundi alikuwa makini, plastiki ilikuwa safi, kiwanda hakikuharakishwa. Niliacha chuo mwaka wa pili, uhandisi wa umeme, lakini nilikaa vya kutosha kusikia lekcha ya usampulishaji: ukichukua vipimo vya kutosha vya wimbi, unaweza kulirudisha vilivyo ndani ya masafa uliyopanga. Hakuna ngazi ngazi zilizobaki kwenye sauti, ile picha ya ngazi unayoonyeshwa ni mchoro wa kuuzia watu vitu. Kwa hivyo kwangu kosa la Mobile Fidelity halikuwa kutumia dijitali. Kosa ni kwamba waliona wateja wakilipia kitu ambacho hakikuwepo, wakaona maelezo yao wenyewe yanawaacha waamini hivyo, na wakakaa kimya. Mtu akikuuzia maziwa ya unga yaliyotengenezwa vizuri sana huku unaamini ni ya ng'ombe wa jana asubuhi, utamu hautoi udanganyifu.

Na kwa nini walihitaji faili? Hapa ndipo story inanihuzunisha. Tepu zinazeeka. Rumours ya Fleetwood Mac ilikuwa inachakaa hata kabla haijaisha kurekodiwa: 1976, tepu ilipitishwa kwenye mashine mara nyingi sana hadi sauti za juu zikaanza kufifia, wakalazimika kuokoa ngoma kutoka kwa nakala ya akiba. Tepu nyingi za katikati ya miaka ya 70 hunyonya unyevu na gundi yake inakuwa kama lami. Dawa yake, siwatanii, ni kuzioka kwa joto la chini masaa kadhaa ndipo zichezeke. Na tarehe 1 Juni 2008 moto uliteketeza ghala la Universal huko Hollywood pamoja na tepu ambazo hesabu yake bado inabishaniwa. Baada ya hayo, hakuna mwenye akili atakayekuachia tepu ya masta uende nayo nyumbani. Unaenda kwake na mashine yako, unanakili, unarudi na faili.

Kwa hivyo chapa ya kwanza ina kitu ambacho hakuna toleo jipya linaweza kununua: tepu ilikuwa changa siku hiyo. Hapo nawapa wazee haki yao yote. Ludwig alipokata Led Zeppelin II, ile tepu ilikuwa ya majuzi tu. Jimmy Page mwenyewe aliposimamia matoleo ya 2014, alikuwa anafanya kazi na kitu cha miaka 45.

Ukitaka kulinganisha mwenyewe, sawazisha sauti kwanza. Hii watu wengi hawafanyi. Santuri mbili, moja ikiwa juu kidogo tu, ubongo wako utachagua ya juu kila mara na utaniambia ina "uhai". Na RL ilikatwa juu, mnakumbuka. Sehemu ya umaarufu wake ni hiyo. Sehemu, si yote.

Hapa kwetu swali ni gumu zaidi na hakuna anayeliuliza. Nairobi ilikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, miaka ile benga na rumba zilitoka kwa santuri ndogo za nyimbo mbili. Mwaka 2013 lebo ya Uingereza, Soundway, ilitoa mkusanyiko unaoitwa Kenya Special, muziki wetu wa miaka ya 70 na 80, karatasi nzuri, maelezo mazuri. Kwenye miradi ya aina hii, mara nyingi tepu hazipo tena, na toleo jipya linatolewa kutoka kwa santuri iliyobaki, mikwaruzo ikisafishwa kwa kompyuta. Hakuna mnyororo wa kubishania. Ile nakala iliyokwaruzwa kwa meza ya Kenyatta Market, ambayo mwenye duka anaifuta kwa kitambaa akikuangalia kama utalipa, inaweza kuwa ndiyo masta iliyobaki.

Thriller ilitoka hatimaye. Siku hizi Mobile Fidelity wanaandika chanzo cha kila santuri waziwazi, tepu gani, DSD gani, hatua kwa hatua, mahali mnunuzi anaweza kusoma kabla hajalipa. Na bado zinanunuliwa.